Mtu wa nyumbani anaharisha: majani ya mpera, togwa, ORS au vidonge vya dukani?

Kuharisha kukianza nyumbani, washauri hawakosekani. Bibi anasema chemsha majani ya mpera. Jirani anasema kimbia dukani uchukue Flajili. Nesi wa kliniki alishakwambia ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, pamoja na zinki. Shangazi kutoka Tukuyu anapiga simu kuuliza kwa nini mgonjwa hajapewa togwa. Wote wanne wameona watu wakipona kwa njia zao, kwa hiyo hakuna anayesema uongo, na wewe mwenye mgonjwa unabaki hujui ushike lipi.

Nimeandika kwa ajili ya aliyekwama hapo, hasa sisi wa Mbeya, Njombe na Iringa. Huku kwetu mpera uko uani, togwa iko kwenye ndoo, duka la dawa liko njia panda, na zahanati kwa wengine ni mwendo mrefu wa mguu kwenye tope la masika.

Ninachoomba tukubaliane mapema ni kwamba njia hizi nne hazifanyi kazi moja. Mtu anapoharisha, maji na chumvi vinamtoka, na wakati huohuo utumbo wenyewe umevurugika: unasokota, unakimbiza kila kinachoingia. Kinachoua, tena haraka kwa mtoto, ni kule kupungukiwa maji na chumvi. Kinachosumbua na kutia aibu ni msokoto na safari za chooni. Dawa inayotuliza msokoto inaweza isirudishe hata kikombe cha maji mwilini, na ile inayorudisha maji inaweza isipunguze safari za chooni hata moja. Ukilielewa hilo, ule ubishi wa dawa ya asili na dawa ya hospitali unapoa wenyewe.

Nitakavyozipima

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Je, inarudisha maji na chumvi? Je, inatuliza tumbo au kupunguza choo? Je, ni salama, na kipimo chake kinajulikana? Inapatikanaje huku kwetu? Na inamfaa nani?

Tunapozungumzia kuharisha, tunamaanisha choo cha maji mara tatu au zaidi kwa siku. Kichanga anayenyonya tu hupata choo laini mara nyingi, na huyo haumwi.

Kabla ya kulinganisha chochote

Kuna hali ambazo hazingoji ulinganisho, ni kwenda kituo cha afya saa hiyohiyo: damu kwenye choo, mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyelegea au anayelala na kuamshika kwa shida, macho yaliyoingia ndani, au kichanga wa chini ya miezi miwili. Ongeza hapo choo kinachomwagika mfululizo, cheupe mithili ya maji ya mchele. Watu wa Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa wanaijua sura hiyo, maana kipindupindu kimeshawapitia. Mtu mzima mwenye afya anaweza kumalizwa nacho ndani ya saa chache.

Jifunze pia kupima ngozi. Mlaze mtoto chali, bana ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, iinue, kisha achia. Ikirudi papo hapo, maji bado yapo. Ikirudi polepole, ameanza kupungukiwa. Ikibaki imesimama zaidi ya sekunde mbili, hali ni mbaya sana. Mwanzishie ORS hapohapo kama anaweza kunywa, na safari ianze.

ORS na zinki

*Maji na chumvi.* Hii ndiyo kazi yake, na hapa hakuna inayoifikia. Pakiti ya lita moja ina glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, pamoja na kloridi ya potasiamu na sitreti. Wengi hudhani sukari imewekwa kwa ajili ya ladha. La hasha. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna njia inayopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na vikipita, maji huvifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata kipindupindu kikiwa kimeshika utumbo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, akawapa wagonjwa mchanganyiko wa namna hii kwa kinywa. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya wanne.

*Tumbo na choo.* Hapa ndipo mama wengi wanapoikatia tamaa. ORS haizuii kuharisha. Mtoto anakunywa na anaendelea kuharisha, na bibi anasema, "Unaona? Hayo maji ndiyo yanamzidishia." Hayamzidishii. Yanajaza pengo la yale yanayotoka. Inayopunguza ugonjwa wenyewe ni zinki: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanazipendekeza ORS na zinki kwa pamoja tangu 2004. Zinki hufupisha siku za kuharisha na kupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi katika miezi miwili mitatu inayofuata, ilimradi dozi imalizwe hata kama choo kimeshakuwa kizuri. Wengi huiacha siku ya tatu, na faida hiyo ya baadaye inapotea.

*Usalama na kipimo.* Kipimo kinajulikana. Chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo. Kuanzia miaka miwili hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Mtoto akiikataa kwa ile ladha ya chumvi, usimlazimishe kikombe kizima. Mpe kijiko kimoja kimoja, kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea taratibu zaidi. Iliyochanganywa ikimaliza saa 24, mwaga.

Hatari iko kwenye kuchanganya. Soma pakiti, kwa sababu zipo za lita moja na zipo za nusu lita. Pakiti ya lita ukiitia kwenye kikombe, unampa mtoto chumvi inayoweza kumdhuru. Tumia chupa ya maji ya kunywa ya lita moja, maana jagi halikwambii ukweli. Maji yachemke hadi yatokote, yaendelee kutokota dakika moja, kisha yapoe. Kwa walio juu zaidi ya mita 2,000, kama sehemu kubwa ya Makete na nyanda za Kitulo, yaache yatokote dakika tatu, kwa kuwa juu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

*Upatikanaji.* Madukani ipo karibu kila mahali, na kisera mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi katika vituo vya serikali. Tatizo ni usiku, au kijiji ambacho duka la karibu ni la sukari na sabuni. Basi tumia hiyo sukari: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu, ndani ya lita moja ya maji safi. Usikadirie kwa jicho. Chumvi ikizidi ni hatari, na sukari ikizidi inavuta maji na kuongeza kuharisha. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, kwa hiyo unasaidia kuvuka usiku hadi pakiti ipatikane.

*Inamfaa nani.* Mtoto yeyote, mzee, mjamzito, na yeyote ambaye choo chake ni maji matupu.

Majani ya mpera na ndugu zake

*Maji na chumvi.* Kikombe cha chai ya mpera ni maji, na hilo tayari ni jema, lakini hakina chumvi wala glukosi ya kutosha. Peke yake hakimwokoi aliyepungukiwa maji.

*Tumbo na choo.* Hapa mpera unastahili heshima yake. Chukua vichipukizi, yale majani ya ncha yenye wekundu kidogo, yaoshe na uyachemshe kwenye sufuria iliyofunikwa mpaka maji yawe ya kahawia. Onja: ulimi unakunjamana kwa ukakasi. Ukakasi huo ni tanini, ambazo hukaza utando wa utumbo. Ndani ya majani kuna pia kemikali iitwayo kwesetini, inayolegeza misuli ya utumbo inayosokota. Watafiti wa Mexico, nchi iliyoko kwenye asili ya mti huu, waliwapa watu wazima wenye kuharisha kwa ghafla vidonge vya majani ya mpera vilivyopimwa kiasi chake cha kwesetini, na matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kuwa maumivu ya tumbo yaliisha mapema zaidi. Kwa hiyo bibi anaposema tumbo litatulia, anasema kitu kilichoshikika. Maabara pia zimeona dondoo la majani hayo likizuia baadhi ya bakteria wa tumboni, ila bakteria aliye kwenye sahani ya maabara si sawa na aliye ndani ya mtoto wa mwaka mmoja.

*Usalama na kipimo.* Udhaifu wake mkubwa uko hapa. Vidonge vya watafiti vilipimwa. Sufuria ya nyumbani haipimwi: mmoja anatia majani matano, mwingine konzi nzima, na umri wa jani, mti na muda wa kuchemsha vyote hubadilisha nguvu. Kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine, kikombe kimoja au viwili vya chai isiyo kali kwa siku moja au mbili si jambo la kuogopesha. Kichanga wa chini ya miezi sita asipewe kabisa. Anayetumia dawa za kisukari awe mwangalifu, majani haya yanaweza kushusha sukari. Tanini nazo hushika madini, hivyo tenganisha chai hii na kidonge cha zinki kwa saa mbili hivi.

Ndugu zake ni ganda la komamanga, magome ya mwembe na magome ya mzambarau. Vyote vinategemea ukakasi uleule. Ganda kavu la komamanga ni la kawaida sokoni, lakini magome ya mzizi wa mkomamanga ni kitu kingine, yana sumu, yasichemshwe kwa ajili ya tumbo. Wasiwasi wangu mkubwa ni unga uliokwisha kusagwa, usio na jina, unaouzwa stendi kwa vijiko. Jani la mpera wa kwako unalijua. Unga huo hujui ni mti gani, umechanganywa na nini, wala ulikaushwa wapi. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Kumuuliza muuzaji usajili wake si kumvunjia heshima, na mganga mwenye usajili hukuonyesha bila kununa.

*Upatikanaji.* Kyela, Tukuyu na sehemu nyingi za Iringa ni bure, unachuma uani. Makete, ambako Juni na Julai baridi hugandisha umande, mpera haustawi, na anayeuhitaji huletewa majani makavu kutoka chini.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima mwenye msokoto na choo laini, asiye na damu wala homa kali, anayekunywa na kula vizuri.

Togwa, uji mwepesi na maji ya mchele

*Maji na chumvi.* Inarudisha maji vizuri, na wanga wake ukimeng'enywa hutoa glukosi ileile inayosaidia maji kuingia. ORS za unga wa mchele zimetumika kutibu kipindupindu. Togwa ya kawaida inapungukiwa chumvi tu, na chembe kidogo ya chumvi kwenye kikombe inasaidia.

*Tumbo na choo.* Togwa naipenda kwa sababu ya jambo unaloweza kuliona kwa macho. Unapika uji mzito wa mahindi, unauacha upoe hadi uwe vuguvugu, unatia kimea cha ulezi na kukoroga. Ndani ya dakika chache mwiko uliokuwa unakwama unaanza kuteleza, na uji unakuwa mwepesi bila kuongezewa maji. Kimea kinaukata wanga. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo na hamu ndogo, hicho ni chakula kingi ndani ya kikombe kinachonyweka. Ukilala usiku mmoja unachachuka, na asidi hiyo inawafanya vijidudu wengi washindwe kustawi. Watafiti waliofuatilia watoto wadogo nchini kwetu miaka ya 1990 waliona kuwa waliokuwa wakipewa togwa mara kwa mara walikutwa kwa nadra zaidi na bakteria wa kuharisha kwenye choo. Chakula pia ni tiba: mtoto anayeharisha akinyimwa chakula anatoka kwenye ugonjwa akiwa amekonda, na ugonjwa unaofuata unamkuta dhaifu.

*Usalama.* Usitie maji mabichi baada ya kupika, utakuwa umerudisha vijidudu ulivyoviua. Kimea kiwe kikavu, kisicho na ukungu. Togwa iliyokaa siku nyingi hadi kuanza kulevya si ya mtoto wala ya mgonjwa. Na kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, yaongezwe wala yasikatizwe.

*Upatikanaji.* Hapa hakuna la kueleza mtu wa nyanda za juu.

*Inamfaa nani.* Mtoto aliyeanza kula, na yeyote anayepata nafuu, akiinywa pamoja na ORS.

Vidonge vya dukani

*Maji na chumvi.* Hapana.

*Tumbo na choo.* Inategemea kilichosababisha. Metronidazole, ndiyo Flajili ya wengi, inaua vijidudu vya amiba na giardia. Haifanyi kitu kwa virusi, na virusi ndio wanaowaharisha watoto wadogo wengi. Chanjo ya rota, inayotolewa nchini tangu 2013 kwa matone ya mdomoni wiki ya sita na ya 10, imewekwa kwa ajili hiyo. Kuharisha damu kuna antibiotiki yake, na anayeichagua ni mtaalamu. Loperamide yenyewe haitibu chochote, hupunguza mwendo wa utumbo.

*Usalama na kipimo.* Kipimo kipo, tatizo ni kwamba hakifuatwi. Vidonge sita vya kujaribia vinajenga usugu wa vijidudu dhidi ya dawa, na antibiotiki yenyewe inaweza kuharisha. Loperamide haipewi mtoto, wala mtu yeyote mwenye damu kwenye choo au homa kali, kwa sababu inafungia ugonjwa ndani. Ukiwa kwenye dozi ya metronidazole, ulanzi uwekwe kando.

*Upatikanaji.* Rahisi kupita kiasi, na ndiyo maana hutumika pasipohitajika.

*Inamfaa nani.* Aliyepimwa na kuandikiwa. Loperamide inaweza pia kumfaa mtu mzima mwenye choo cha maji, asiye na damu wala homa, anayelazimika kukaa kwenye basi la Mbeya hadi Dar kutwa nzima, huku akinywa ORS.

Kuna jambo moja nje ya mizani hii

Sehemu nyingi za nchi bado kuna watu wanaoamini kwamba kichanga mwenye homa na kuharisha ana "meno ya plastiki", na fizi hukwanguliwa au hukatwa. Sikuliweka kwenye ulinganisho kwa sababu si chaguo. Kinachoitwa jino la plastiki ni jino la kawaida ambalo halijatoka. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji anatiwa kidonda na damu inamwagika, tena kwa kifaa ambacho huenda kimepita kwenye vinywa vingine. Ukilisikia likishauriwa juu ya mtoto wa mtu, msaidie mama huyo kufika zahanati. Usimwache peke yake na ushauri huo.

Kwa hiyo uanzie wapi?

Mtoto wa chini ya miezi sita: nyonyesha mara nyingi zaidi, na umpeleke akaonwe. ORS na zinki atapewa huko. Majani, togwa na vidonge vya kujinunulia visimguse.

Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, anachangamka na anakunywa: ORS baada ya kila choo, zinki mpaka dozi iishe, togwa au uji mwepesi mara nyingi kwa kidogo kidogo. Bibi akisisitiza mpera, zungumza naye kwa heshima, mwombe ashike kikombe cha ORS na kijiko. Mtu mwenye subira ya kumnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja saa mbili mfululizo ni adimu, na mara nyingi ni yeye.

Mtu mzima aliyekula kitu kibaya, tumbo linasokota, choo ni laini, hana homa wala damu: chai ya mpera isiyo kali inatosha, pamoja na kunywa sana na kula. Choo kikigeuka maji matupu, hamia ORS.

Mzee, mjamzito, mwenye kisukari, anayeishi na VVU au mgonjwa wa figo: ORS mapema, na umwone mtaalamu siku hiyohiyo. Dawa ya mti usioujua isiwe ya kwanza kwao.

Uko mbali, ni usiku, mvua imekata njia: sukari na chumvi kwa kipimo nilichotaja, kijiko kwa kijiko hadi asubuhi, huku ukipima ngozi ya tumbo kila baada ya muda.

Kuharisha kumefika siku ya 14: acha yote unayojaribu nyumbani, pamoja na mpera unaoonekana kusaidia kidogo. Kumekuwa kuharisha kwa muda mrefu, na kunahitaji vipimo. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto, na mtajie mganga wa zahanati kila alichopewa, hata majani. Hakuna cha kuficha, na anahitaji kujua.